Upenyo wa Nabii

Mwaka huu meza ya Pasaka yetu niliiandaa mwenyewe. Mayai nikayapanga kwenye sahani, maji ya chumvi nikayaweka kando yake, na mzizi mkali nikaukuna mpaka machozi yakanitoka. Mkate usiotiwa chachu nikaufunika kwa kitambaa cha marehemu mama yangu, kile chenye doa la divai pembeni. Mezani hapakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mlangoni.

Wiki mbili nyuma, mtu alikuja akaking'oa kile kijaluba chenye maneno ya Torati tulichokipigilia kwenye mwimo, kisha akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: WAYAHUDI TOKENI. Mkwe wangu Zalman alisugua mpaka vidole vikachubuka, lakini ukisimama upande wa dirisha maandishi bado unayaona. Binti yangu Rochelle akaweka vitasa viwili vipya, na mnyororo juu yake.

Basi tukala, tukaimba, hadi tukafika pale ambapo kila mwaka tunafungua mlango ili Nabii Eliya aingie, anywe divai ya kikombe chake. Mjukuu wangu Talia, wa miaka sita, akaruka kutoka kitini.

"Kaa chini," Rochelle akamwambia. "Mwaka huu hatufungui."

"Hatufungui vipi?" nikauliza. "Nabii apitie dirishani kama mwizi?"

"Mama, usianze."

"Nianze nini? Babu yangu kule Ukraine, majirani walikuwa wakinong'ona kwamba tunakanda mkate wetu kwa damu ya watoto wao. Naye usiku wa Pasaka anaufungua mlango wazi kabisa! Waje waone viazi, waje waone mayai!"

"Malizia basi, Mama. Walikuja, sivyo?"

Mwisho wa hadithi hiyo sijawahi kuusema mezani. Walikuja kweli, na viazi hawakuviangalia. Mama yangu, mtoto mdogo, alisikia yote akiwa chini ya kitanda.

Zalman akajaribu kupoza mambo. "Siku hizi wala hawachungulii, mama. Uongo ule ule wa damu wanao kwenye simu, wanausoma wamejilaza."

"Wewe nawe! Kwa vitasa vyenu hivyo mngemfungia nje hata Farao," nikamwambia.

Hakucheka mtu. Talia alikuwa bado amesimama.

"Bibi, tusipomfungulia, si atadhani tumehama?"

Rochelle akajifuta uso kwa kiganja. "Haya, fungueni. Lakini mnyororo ubaki."

Nikaenda, Zalman nyuma yangu. Nikafungua kitasa cha kwanza, cha pili, nikavuta. Mlango ukakwama kwenye mnyororo, ukaacha upenyo wa kutosha mkono wangu tu. Baridi ya mji wetu wa Winnipeg ikaingia. Tukasoma maneno yetu haraka haraka, Rochelle kashika simu tayari kupiga, Zalman macho nje.

Kila mwaka wakati huo Zalman huigonga meza kwa goti, kwa siri, divai itikisike na Talia apige kelele kwamba Nabii kanywa. Safari hii goti lake lilikuwa mlangoni, limeuegemea ubao.

Talia akainamia kikombe, akakitazama kwa muda mrefu.

"Hajanywa," akasema. "Hakupenya pale."

Rochelle alikuwa ameshaurudisha mlango, anafunga kitasa cha pili.