Risasi Nzito na Mama Mukwe

Dungu la kulindia mpunga lilipoanguka, mama Hawa alianguka nalo, na nyasi za paa zikamfunika kama kuku chini ya kitunga. Alipofungua macho aliona mgongo. Mgongo mweusi, mpana, wenye matope yaliyokauka, hatua tatu tu kutoka puani kwake. Mbogo alikuwa amelala katikati ya mpunga wake, akihema kama mivukuto ya mhunzi, na waya wa mtego ulikuwa umemla mguu mpaka kwenye mfupa.

Alikuja asubuhi kufukuza ndege. Mpunga wa kando ya mto Luama ukiiva, ukichelewa kidogo tu ndege wanashiba na watoto wanalala njaa. Mbogo alitokea kwenye matete, akaupiga mti wa dungu kwa bega, basi. Victoire, jirani wa shamba, aliona, akakimbia kijijini kumwita mwenye bunduki. Na mwenye bunduki kule ni mmoja: Hippolyte, mume wa binti yake Carine.

Hapo ndipo shida ilipokaa. Goti limeteguka, sawa. Mbogo yuko hapa, sawa. Lakini kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga kiunoni, kilinaswa na mti uliovunjika, kule upande wa mto, kikaning'inia, na mama Hawa, mwanamke wa wajukuu saba, alibaki chini ya nyasi na blauzi peke yake.

Miaka kumi na moja tangu Carine aolewe, yeye na mkwe wake hawajasemeshana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Neno likiwepo, linapita kwa Carine au kwa watoto. Siku moja nyumba haikuwa na mtu, Hippolyte akamwambia kuku: "Weye kuku, umwambie mama chumvi iko mlangoni." Kuku akakimbia. Mama Hawa akangoja mpaka nyayo zitoke uani, ndipo akatoka kuchukua chumvi. Ndiyo heshima yenyewe. Mkwe ni moto, unauota kwa mbali.

Sasa alisikia mpunga ukisuguana. Halafu sauti ya Hippolyte, chini chini.

"Tonton, munaona? Kikwembe cha mama kile, upande wa mto."

"Nakiona." Huyo alikuwa mzee Mahamudu, ndugu ya baba yake Hippolyte. Mkwe mwingine. "Basi yuko pale, chini yake."

"Mumuite."

"Nimuite mimi? Mimi na yeye tunaheshimiana. Na ile mbogo nayo iko na masikio."

Chuma kikalia taratibu. Mama Hawa aliijua karabini hiyo, urithi wa mzee wao: inameza risasi moja moja, na ya pili inataka muda ambao mbogo hampi mtu.

"Niko na mbili tu," Hippolyte alisema. "Nyepesi moja, nzito moja."

"Weka nzito."

"Nzito haina freni, Tonton. Ile nguruwe ilimupita huku na huku, ikaenda kuua mbuzi yenu nyuma."

"Usinikumbushe mbuzi yangu. Na ile nyepesi? Mbogo ya kule Lusangi ulimupiga nayo begani, ikavunjikia kwa mufupa kama biskuti. Siku mbili alitembea nayo, na weye siku mbili ulilala juu ya muti."

"Lakini nyepesi inabaki ndani ya nyama."

"Inabaki ndani ya nyama, na nyama inakuja kwako. Mama yuko upande wa mto. Nyuma ya mbogo hakuna mutu. Weka nzito, piga bega."

Chuma kikalia tena. "Sawa."

Nyuma ya mbogo hakuna mtu. Mtu huyo asiyekuwepo alikuwa yeye.

Akinyamaza, nzito itapita kwenye bega la mbogo na kumkuta. Akisema, wataogopa na kuweka nyepesi, na mbogo aliyechokozwa huanza na aliye karibu. Ilibaki njia moja: kutambaa kando mpaka mfereji wa maji, nje ya njia ya risasi, kupitia mpunga uliokanyagwa, mbele ya macho ya mkwe wake, hivyo alivyo.

Afadhali risasi, aliwaza. Ndiyo, aliwaza hivyo. Haya ina nguvu, asikudanganye mtu. Halafu akamwona Carine akimpakulia chakula mwanamume aliyemuua mama yake. Nyumba ile, nani atamsemesha nani?

"Hippolyte."

Jina hilo halijawahi kupita kinywani mwake. Sikio la mbogo likageuka.

"Niko nyuma yake kabisa. Acha nzito hiyo hiyo. Natoka kwenda kwa mufereji. Usipige bado sijafika."

Pengine kijana alikuwa anatafuta kuku wa kumjibia.

"Mama," sauti ikaja hatimaye, nyembamba. "Nitaangalia. Sina njia."

"Angalia. Ukifunga macho utaniua."

Akatoka. Mabua yalimchoma mapaja, goti likawaka. Hakuinua kichwa. Nyuma yake alisikia mbogo akiinua matako, halafu mabega, waya ukikwaruza, na pumzi ile ikimgeukia.

"Bado," Mahamudu alisema. "Bado. Bado, mwanangu."

Mkono wake ukagusa maji. Akajitupa.

Mlio ulipita juu ya mfereji na kuziba masikio. Alipochungulia, mbogo alikuwa amepiga magoti. Akakaa hivyo kidogo kama anayefikiri, kisha akaanguka ubavu. Zile nyasi alizolalia zilikuwa na tundu, kubwa kama kidole gumba, mahali pa kifua.

Wanaume wawili walikuwa tayari wamempa mgongo. Hippolyte alivua shati, akalirusha nyuma bila kugeuka. Likaangukia mbali.

"Tonton, muulize mama mukwe kama yuko muzima."

Mahamudu akakohoa, akitafuta pa kuanzia.

"Niulize mwenyewe," mama Hawa alisema kutoka majini. "Umeshaona yote, sasa unaogopa sauti?"

Hippolyte akanyoosha mgongo, bila kugeuka.

"Mama. Muko muzima?"

"Niko. Shati iko mbali. Rudi kinyumenyume, uiokote, uitupe tena."

Akaanza kurudi, hatua moja, hatua nyingine, akipapasa mpunga kwa kisigino.

"Kulia kidogo," mama Hawa alimwambia. "Nyuma. Nyuma tena."