Sekunde Thelathini za Ambakisye

Ambakisye hakuamua kulala. Usingizi ndio uliomwamulia, kama mambo mengi yalivyomwamulia tangu ujana. Ni alasiri ya siku ya pili ya mashindano ya poka, kiyoyozi cha ukumbi wa hoteli kinakausha macho, na wachezaji waliobaki ni kumi na tisa. Watakaolipwa ni kumi na wanane. Mmoja, basi, lazima atoke mikono mitupu baada ya siku mbili za kukaa kitako, na kwa saa nzima sasa hakuna aliyethubutu hata kukohoa kwa nguvu. Hapo ndipo Nyamizi, binti wa Tabora aliyekaa mkabala naye, anaposukuma chipu zake zote, vile vidonge vya kuwekea dau, katikati ya meza. Anazo nyingi kuliko Ambakisye. Wengine wote wamekwisha kutupa karata zao. Ambakisye ana malkia wawili mkononi, jozi nzuri, ila si nzuri kuliko zote. Akimfuata binti huyu, yaani naye aweke zake zote, na akishindwa, wa kumi na tisa ni yeye. Akizitupa, yuko jamaa meza ya pili aliyebakiwa na chipu mbili tu, hamalizi robo saa. Huyo atatoka, na Ambakisye atapata kile kidogo cha mwisho. Angekwisha zitupa kama si kwamba ameyafanya hayo hayo mashindano sita mfululizo, kila mara anaponea mlangoni na kuishia hapo hapo mlangoni. Lakini upande wa pili yuko mkewe, Tusekile. Asubuhi ya safari alimwambia bila hasira, Baba Atu, ukirudi mikono mitupu safari hii, karata basi. Naye akaapa. Msimcheke. Mtu aliyefundisha udereva miaka ishirini na miwili, kiti cha kushoto, mguu juu ya breki ya mwalimu, hana kingine duniani kilicho chake mwenyewe ila karata. Mgawaji anasema, Mzee, una sekunde thelathini, zikiisha karata zako zimekufa. Anaanza kuhesabu. Ambakisye anafumba macho ili afikiri vizuri, na hilo ndilo kosa lake.

Yumo ndani ya gari la shule, kiti kile kile cha kushoto, na barabara iliyo mbele haina kona wala mwisho. Anayeendesha ni mwanafunzi asiye na uso. Pale penye uso pamelainika kama sabuni iliyotumika. Ambakisye hashangai, amechoka mno kushangaa. Anauliza, Tunakwenda wapi? Mwanafunzi anajibu, Tunakwenda ulikokwisha fika. Ambakisye anakanyaga breki, lakini gari halisimami, barabara ndiyo inayopunguza mwendo, na nyumba zinasogea moja moja mpaka zinakuwa mji. Mji wa vibaraza virefu, na vibaraza vyote vimejaa watu wenye viatu safi, wamekaa kama wageni wanaongoja kukaribishwa ndani. Juu ya kila duka pameandikwa Mvumilivu hula mbivu, na kweli wanakula, mapapai yameiva, ila wanatafuna wakitazama pembeni kama mtu anayemeza dawa. Karibu, Ambakisye, wanasema, sisi tulizitupa. Anamuuliza mama mmoja, Mlitupa zipi? Mama anasema, Hatukuonyeshwa yule mwenzetu alikuwa na nini, na hatukuuliza. Bora nusu shari kuliko shari kamili. Anajisogeza ampishe, na pale anapompisha saruji imekwisha bonyea, na alama ile inamwenea Ambakisye kabisa. Inamuuma. Anarudi garini bila kuaga.

Barabara inavuka daraja, na ng'ambo ya daraja mji ni ule ule, ila umegeuzwa: maandishi ya maduka yanasomeka kinyume, milango iliyokuwa kulia iko kushoto, na kwenye vibaraza hakuna mtu. Huku wanakaa waliofuata, anasema mwanafunzi. Walioshinda au walioshindwa? anauliza Ambakisye. Ingia ndani uone kama utawatofautisha. Ambakisye anaingia nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano, na kila nyumba ina vitanda, na kila kitanda kina mtu amelala usingizi mzito, mdomo wazi, mikono imelegea, hakuna anayehesabu chochote. Lo, jinsi anavyowaonea wivu. Katika nyumba ya mwisho kuna kitanda kitupu, shuka limekunjuliwa upande, na kwenye mto limefumwa jina lake. Anaketi ukingoni. Anauliza, Hawa malkia wangu wanatosha? Yule asiye na uso anasema, Mwenye usingizi huulizia kitanda, haulizi nyumba ni ya nani. Ndipo Ambakisye anapojielewa, na anaona aibu: kumbe tangu asubuhi anatafuta mlango wa kutokea, mlango wowote, hata huu, ilimradi akalale. Anainuka haraka. Na kwenye kitanda cha jirani, akigeuka, amelala Nyamizi, kajikunyata, kope zinamcheza. Kumbe na yeye. Kumbe hakusukuma chipu zile kwa sababu ya karata, kachoka tu, binti wa watu, anataka yaishe. Mtu aliyechoka husukuma na chochote. Basi malkia wanatosha, tena wanazidi. Ambakisye anasema kwa sauti, Namfuata, na meza inakuja pale pale kati ya vitanda viwili, Nyamizi anafunua karata zake usingizini, nazo hazina kitu, nyeupe pande zote mbili.

Sita, anasema mgawaji. Tano.

Ambakisye anafumbua macho. Ukumbi upo, kiyoyozi kipo, watu wa meza nyingine wamesimama nyuma ya viti wanamtazama yeye. Nyamizi amekaa mbele yake, ameshika tama, kope zake nzito. Au ndivyo anavyotaka kumwona? Nne. Anajiuliza kama ile ilikuwa akili yake iliyosoma uso wa mtu, au mwili wake unaoulizia kitanda, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi anajua kwamba hajui, na kwamba hakuna mwingine wa kumwamulia. Tatu. Namfuata, anasema, na sauti inatoka kavu.

Nyamizi anafunua ree mbili. Hakuna jozi inayozishinda. Ambakisye anazitazama, anatulia, anangoja mtu amwamshe. Mgawaji anaweka karata tano mezani, moja baada ya moja, malkia wa tatu angemwokoa na hatokei, na bado anangoja. Ukumbi mzima unapiga makofi, si kwa ubaya, ni kwamba wao sasa wamo katika wale kumi na wanane. Watu wanakumbatiana na wasiowajua. Anamfikiria Tusekile, jinsi atakavyomtazama mikono kwanza kabla ya uso. Uchungu unampanda, na pamoja nao kitu kingine chepesi ambacho angependa kisiwepo.

Nyamizi anazunguka meza na kumpa mkono kwa mikono yote miwili. Pole, mzee wangu, anasema. Nenda kapumzike.

Ambakisye anaushikilia mkono ule, ni wa moto, una jasho, una uzito wa mkono wa mtu. Anamuuliza polepole, Binti yangu, nikalale, au niamke?

Nyamizi anacheka kidogo kwa heshima, akidhani ni utani wa wazee, halafu anaona kwamba hatanii, anaacha kucheka.