Injini Iliyogonga Asubuhi Tu

Nasibu aliingia duka la spea Alhamisi, saa nne asubuhi, akaomba oili nzito kuliko zote.

"Nzito namna gani?" Marcelline alimuuliza kutoka nyuma ya kaunta.

"Ile inayomwagika kama asali. Fundi wangu Gosbert kaniambia niitumie mpaka Jumamosi, halafu injini tunaing'oa."

Marcelline hakugeukia rafu. Nasibu alikuwa mteja wake wa miaka mitano, mtu wa Tanga aliyeshuka melini Durban akiwa kijana, akaoa mtaa wa Bluff, akabaki. Siku za kazi boti yake ilipeleka mafundi wa rangi kwenye meli zilizofunga gatini. Mwisho wa wiki ilibeba wavuvi wa ndoano. Injini ilikuwa ya dizeli, silinda nne, ya mwaka 1979, na haikuwahi kumlaza majini hata siku moja.

"Juu ya nini muing'oe, Papa Nasibu?"

"Inagonga. Gosbert anasema beringi za shafti kubwa zimekwisha."

"Inagongaka kila saa?"

"Aa, asubuhi tu, ukiiwasha. Inagonga kama mtu anapiga nyundo kwenye bati, taa nyekundu inawaka, halafu inanyamaza. Kutwa nzima haisemi neno."

"Asubuhi tu?"

"Nimekwambia asubuhi tu, dada. Nipe oili, watu wananisubiri."

Akampa. Nasibu akaondoka na dumu lake begani, lakini maneno yake hayakuondoka naye. Marcelline alikuwa amesoma ufundi wa mitambo Uvira, msichana pekee katika darasa la wavulana. Durban alianzia kwenye kusuka nywele kabla ya kupata kazi hii ya kuuza spea hapa Jacobs. Wateja wapya bado walimtazama, kisha wakachungulia nyuma yake na kuuliza kama kuna mwanaume ndani. Bosi naye alikuwa amemwonya mapema: uza walichoomba, usitoe ushauri, maana ushauri ukiharibika lawama hurudi dukani.

Alitii kwa mdomo. Kichwani aliendelea kubishana na Gosbert asiyekuwepo. Beringi iliyokwisha, imekwisha asubuhi na imekwisha jioni. Haiponi njiani kisha ikaugua tena usiku.

Ijumaa alipanda taxi ya kwanza, akashuka kwenye robot, taa za barabarani zilizo karibu na bandari, akatembea mpaka gati dogo. Nasibu alikuwa anafunua turubai la boti. Alishangaa kumwona.

"Bosi wako kakutuma?"

"Hapana. Nimekuja kusikiliza. Ulishaiwasha?"

"Bado."

"Basi usiwashe kwanza. Acha nikae karibu."

Alipiga magoti kando ya injini, akatoa simu yake na kufungua saa ya kuhesabu sekunde. Nasibu alitikisa kichwa, akazungusha ufunguo. Injini iliwaka mara moja, na papo hapo kelele ikatoka chini kabisa, kavu, ya chuma kwa chuma. Mshale wa presha ya oili ulilala kwenye sifuri. Marcelline aliukazia macho. Kisha mshale ukatikisika, ukapanda wenyewe, na kelele ikakatika kana kwamba kuna mtu ameifungia mlango.

"Sekunde kumi na moja," akasema. "Na mbele ya kutia hii oili nzito, ilikuwa ngapi?"

Nasibu alifikiri. "Sikuhesabu. Ila leo imekawia zaidi. Nilidhani ni baridi."

Hilo halikumkaa Marcelline vizuri. Kama beringi zimelegea, oili nzito ingepaswa kusaidia walau kidogo. Hii ilikuwa imezidisha.

"Zima, Papa."

Walisubiri robo saa. Nasibu alimpa chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akanywa iliyobaki. Maji ya bandari yalikuwa na utando wa mafuta uliobadilika rangi kila wimbi lilipopita.

"Washa tena."

Mshale ulipanda mara moja. Hakuna kilichogonga.

"Eish," Nasibu akasema, kwa sauti ya chini.

"Hii ugonjwa ilianza lini?"

"Januari. Baada ya sevisi. Au Februari, sikumbuki sawasawa."

Marcelline akawasha tochi ya simu na kuchungulia ubavuni mwa injini. Filta ya oili ilikuwa imelala ubavu, mdomo wake umebana kwenye chuma, kama chupa iliyolazwa rafuni. Akaisoma namba yake, na stika iliyobandikwa juu yake. Kisha akaangalia saa, akaruka gatini kukimbilia taxi ya kurudi.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alishusha katalogi ya zamani iliyokuwa chini ya kaunta, ile ambayo kurasa zake zilishikana kwa grisi. Aliipata injini ya Nasibu, na namba ya filta yake. Kisha akatafuta namba iliyoandikwa kwenye filta aliyoiona asubuhi. Zilikuwa namba mbili tofauti. Unene wa filta ulikuwa mmoja, nyuzi za skrubu zilikuwa sawa, na mpira wa mdomoni ulikuwa na upana uleule. Mtu angeweza kuifunga moja badala ya nyingine bila kuhisi tofauti yoyote mkononi.

Tofauti ilikuwa ndani. Alizichukua zote mbili rafuni, akaenda nazo uani. Akazijaza dizeli, akaziba tundu la katikati la kila moja kwa kizibo, akazilaza ubavu, kila moja kwenye trei yake. Kisha akarudi kuhudumia watu. Aliporudi uani saa moja baadaye, trei moja ilikuwa imejaa dizeli na nyingine ilikuwa na matone mawili matatu tu.

Alimulika ndani ya filta ambayo trei yake ilibaki kavu, ile yenye namba sahihi. Nyuma ya matundu madogo ya pembeni kulikuwa na mpira mweusi, mwembamba, uliokaa kama sketi. Oili ikisukumwa na pampu, mpira hujifungua. Pampu ikisimama, hujifunga. Ile nyingine haikuwa na mpira huo. Ilitengenezwa kwa injini ambazo filta zake husimama mdomo juu, oili ikatulia ndani kama maji kikombeni. Kwa Nasibu ililazwa, na kila usiku oili ilichuruzika kurudi chini. Asubuhi pampu ilibidi iijaze filta kwanza, ndipo tone la kwanza lifike kwenye beringi. Na oili nzito hutembea polepole.

Alicheka peke yake pale uani. Furaha ile haikudumu. Alikumbuka stika ya duka aliyoiona kwenye filta ya Nasibu, yenye tarehe kwa kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu ilikuwa yake. Januari namba sahihi ilikuwa imekwisha rafuni. Nasibu alikuwa na haraka. Marcelline akapima nyuzi, akapima mpira wa mdomoni, akampa hii nyingine. "Ni mamoja," alikuwa amemwambia. Aliyasikia maneno hayo sasa kwa sauti yake mwenyewe.

Namna ya kunyamaza ilikuwepo. Angemuuzia filta sahihi, kelele ingekwisha, na Nasibu angemsifu Bluff nzima. Alisimama na wazo hilo kitambo, mikono ikinuka dizeli. Kisha akampigia simu.

Nasibu alikuja saa kumi pamoja na Gosbert, fundi mrefu wa Bukoba ambaye nusu ya boti za gati lile zilipita mikononi mwake. Marcelline aliwapeleka uani, akawaonyesha trei mbili, akawaeleza yote, na mwisho akasema, "Papa Nasibu, ile mbaya, ni mimi nilikupatia. Januari. Sikuangalia ndani. Pardon sana."

Nasibu aliinua ile filta mbaya, akaigeuza mkononi.

"Kwa hiyo miezi sita injini yangu inasagika, na nikaambiwa niing'oe, kwa sababu ulisema ni mamoja."

"Ndiyo, Papa."

Gosbert alikuwa ameinama juu ya trei. Aliingiza kidole kwenye tundu, akaubonyeza mpira, akauachia, akaubonyeza tena.

"Mpira tu?" akauliza.

"Mpira tu."

"Na mimi nikamwongezea oili nzito." Akanyanyuka, akafuta kidole kwenye suruali. "Nasibu, usimlaumu dada wa watu peke yake. Mimi sikuhesabu hata sekunde."

Bosi alisikia mazungumzo, akatoka. Alipoelezwa, akamgeukia Marcelline. "Si nilikwambia usitoe ushauri?"

"Hii haikuwa ushauri, bosi. Niliuza kitu kisicho chake."

Bosi alitazama trei, akamtazama Nasibu, akasema ampe filta sahihi na oili mpya, kisha akarudi ndani.

Ikabaki kuamua oili gani itiwe. Gosbert alitaka sintetiki nyepesi, ya magari mapya, ili ifike haraka. Marcelline alifungua katalogi. "Hii injini ni ya zamani, na sili zake pia. Hiyo nyepesi sana inaweza kuvujia kila pahali. Hapa wameandika 15W-40 ya kawaida, ya dizeli. Tuipe injini kile iliomba tangu ilizaliwa." Gosbert alisoma mstari ule mara mbili, akakubali.

Jumamosi injini haikung'olewa. Waliipasha moto, wakamwaga oili nzito, wakafunga filta mpya. Lakini injini ya moto haithibitishi kitu, kwa hiyo walikubaliana kungoja mpaka ilale usiku mzima.

Jumapili Marcelline alifika na kitenge chake cha kanisani, amekikunja magotini kisiguse sakafu ya boti. Nasibu alizungusha ufunguo. Marcelline alihesabu moja, akaanza kusema mbili, na mshale ulikuwa tayari juu. Injini ilinguruma taratibu. Nasibu aliweka kiganja juu ya kifuniko chake, akakiacha hapo.

Gosbert aliikata filta ya zamani kwa msumeno, akaikunjua karatasi yake juani. Ndani kulikuwa na chembe zinazong'aa, chache, nzuri kwa macho na mbaya kwa beringi.

"Zimeumia," akasema, "hazijafa. Septemba nitafungua chini niziangalie."

Nasibu alimgeukia Marcelline. "Siku nyingine kitu kikikosekana rafuni, niambie hakipo. Nitangoja."

"Nitakuambia hakipo, Papa."

Wavuvi wake walianza kufika na ndoano zao, naye akaenda kuwapokea. Gosbert alibaki gatini, akitazama safu ya boti zilizofungwa.

"Ninazihudumia tisa hapa," akasema. "Sijui filta zake zimelala au zimesimama. Sijawahi kuangalia."

Kengele za misa zilikuwa bado nusu saa. Marcelline akavua viatu vyake, wakaanza na boti ya karibu, wakiinua kifuniko kimoja baada ya kingine, wakimulika ndani.

Ya tatu, filta yake ilikuwa imelala. Marcelline akainama kusoma namba.