Mahindi ya Goti la Tadei

Kila Jumanne asubuhi Tadei alipanda kitandani katika chumba cha mazoezi cha hospitali ya misheni, akakunja mguu wa kushoto wa suruali hadi pajani, akamngoja Herieth aje na soksi iliyojazwa mchanga. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, ngazi fupi ya mbao isiyokwenda popote, na dirisha lililotazama shamba la ulezi. Herieth, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alimfunga ile soksi kwenye kifundo cha mguu, akasogea nyuma.

"Nyoosha, mzee. Kaza paja. Shusha taratibu, usiuangushe mguu kama kuni."

Goti lilikuwa limevimba kama boga changa. Tadei alikuwa ameliumizia ghalani, na jambo hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu mwenye ghala alisema halikuumia pale.

Ghala lile zamani lilikuwa la serikali, na Tadei alibeba magunia humo tangu ndevu hazijaota. Kuli akiumia, alipewa kigoda cha getini akawa mlinzi, na gharama za hospitali hazikumhusu. Kisha serikali ikajitoa katika ununuzi wa mahindi, ikawaachia watu binafsi. Ghala likauzwa kwa Bwana Shedrack. Yeye alibadilisha kufuli, akapaka mlango rangi ya kijani, na akaleta lumbesa. Zamani gunia lilishonwa mdomo likiwa sawasawa. Sasa mkulima alitakiwa ajaze, ashindilie, kisha juu ya mdomo aongeze kilemba cha mahindi kilichofungwa kwa wavu na kamba, hadi gunia lionekane kama mtu mwenye kichwa. Hesabu ilibaki ileile, gunia moja. Kilemba mkulima hakulipwa, wala kuli hakulipwa kukibeba.

Tadei alivibeba vilemba hivyo misimu kadhaa. Siku moja, akiwa katikati ya ubao wa kupandia juu ya lundo, goti lilijipinda kwa ndani, yeye akaenda upande wake na gunia upande wake. Msimamizi aliliangalia gunia kama limepasuka. Halikupasuka. Kesho yake palikuwa na mtu mwingine juu ya ubao.

Kristiana, mke wake, ndiye aliyemwegemeza hadi ofisini kwa Bwana Shedrack. Walipokewa vizuri, wakapewa na viti. Bwana Shedrack aliwaeleza kwa upole kwamba yeye hana makuli. Ana ghala, na getini pake huwa kuna watu. Kama mmoja wa watu hao anaumwa goti, yeye anampa pole kama Mkristo mwenzake.

Tangu siku hiyo Tadei alitaka jambo moja tu: Bwana Shedrack aseme kwa kinywa chake, mbele za watu, kwamba goti lile liliumia ghalani. Kigoda cha getini kingefuata chenyewe.

Punje ya kwanza ilitoka wakati Herieth amemzungushia shuka kwenye unyayo na kumwambia avute, akunje goti hadi pale linapokataa, kisha apite kidogo. Tadei alipita kidogo. Chini ya pia ya goti, pale ngozi ilipokuwa nyembamba, ikachomoza punje ya hindi, kavu, nyeupe, ikaanguka sakafuni. Ikafuata nyingine, kisha zikaja mfululizo kama kutoka kwenye mfuko uliotobolewa na panya. Damu haikutoka. Herieth alifagia, akaligusa goti, akaona limepungua.

"Jumanne uje na chombo," alisema. "Sakafu imetoka kupigwa deki sasa hivi."

Tadei alikuja na debe. Alipokunja vizuri lilijaa hadi nusu, alipokuwa mvivu zilipatikana konzi chache. Kristiana aliyasaga mahindi hayo, akapika ugali. Ulikuwa mzito kidogo tumboni, basi.

Habari ilifika kijiji cha Pito, yalikotoka magunia mengi ya ghala lile, na wakulima wakaja kuangalia. Mama mmoja mtu mzima, Hellena, alichukua konzi moja, akaichambua kiganjani, akaona punje nyekundu katika zile nyeupe. Mbegu hiyo aliirithi kwa mama yake na hakuwahi kumgawia jirani. Akatafuna moja.

"Haya yangu," alisema. "Ndiyo vilemba vyangu hivi. Nilikuwa najiuliza huwa vinakwenda wapi."

Wengine nao walichambua, na kila mmoja akayakuta ya kwake. Ikawa wazi kwamba kile kilichobebwa bila kuandikwa popote kilikuwa kimekaa gotini kwa Tadei muda wote huo.

Jumanne iliyofuata Bwana Shedrack alikuja mwenyewe, na mtu wa ofisi ya kata, na kijana wake Timoth amebeba madebe matupu. Bwana Shedrack alisema amefuata mahindi yake. Chumba kilijaa, watu wengine wakasimama nje dirishani. Tadei alikaa wima kitandani. Moyoni alifurahi, maana aliona huyu mtu hawezi kuyachukua mahindi bila kulichukua goti.

"Kama ni yako, Bwana Shedrack," alisema, "sema yaliingiaje humu."

Bwana Shedrack hakusitasita hata kidogo. "Nasema mbele za wote. Yaliingilia ghalani kwangu, juu ya ubao wangu, mzee Tadei akiwa amebeba magunia yangu. Ndiyo maana ni yangu."

Maneno ambayo Tadei aliyangoja tangu mavuno yalikuwa yamesemwa yote, na kwa sauti.

"Na goti?" aliuliza.

"Goti ulikuja nalo kutoka kwenu."

Hellena alisema yeye aliuza gunia, kilemba hakuna aliyekinunua. Bwana Shedrack alimwuliza kama kuna siku aliwahi kurudi nacho nyumbani. Hakuwahi. Mtu wa kata alifikiri kidogo, akasema maelezo yamejitosheleza, mahindi ni mali ya ghala na goti ni mali ya mwenye goti. Timoth aliweka debe chini ya kitanda.

Jumanne mbili Tadei hakwenda. Alikaa nyumbani Kizwite, mguu juu ya kiti, akasema bora goti ligande kuliko kumtajirisha yule bwana. Herieth alimfuata hadi kwake. Hakumbembeleza. Alimwambia goti lisilokunjwa hujishona lenyewe kwa ndani, na likishajishona halina dawa, si kwake wala pengine. Alipoondoka, Kristiana, aliyekuwa ametoka kupalilia shamba la watu kwa kibarua, alinawa matope, akasema, "Baba, unamkomoa nani?"

Tadei akarudi, akakunja.

Timoth alikuwepo kila mara na debe lake. Hakuwa kijana mbaya. "Shikamoo mzee. Leo vipi, mavuno yapo?" Tadei akikaza meno kwa maumivu, yeye aliguna kwa subira, na siku za mwisho alikuwa akisaidia kuvuta shuka. Uvimbe ulikwisha. Tadei alipanda ile ngazi isiyokwenda popote, akashuka bila kushika ukuta. Siku ambayo hakuna punje iliyotoka, Herieth alimfungua soksi ya mchanga, akamwambia amepona, na asibebe mizigo mizito.

Msimu ulipofunguliwa Tadei alikwenda ghalani kuomba kigoda cha getini. Kigoda kilikuwa kimekaliwa na Timoth. Bwana Shedrack alitoka ofisini, akafurahi kumwona, akamwomba apandishe suruali. Aliinama, akalibonyeza goti kwa kidole gumba pande zote, kama mtu anayepima gunia.

"Limekauka vizuri," alisema. "Sasa lina nafasi." Akamwita msimamizi, akaagiza mzee Tadei apewe ubao mrefu, na lumbesa za Pito.

Tadei alimtazama. Halafu akawaza jembe la Kristiana katika shamba la watu, akainama, wakamtwika. Alipanda kama alivyofundishwa, kisigino kwanza, paja limekazwa, taratibu, na goti halikuuma hata kidogo. Katikati ya ubao alisikia punje ya kwanza ikijikalia chini ya pia. Hakusimama, kwa sababu nyuma yake mwenzake alikuwa amebeba.