Maua ya Kiporo

Siku lifti ilipotimiza miaka mitatu tangu iharibike, kila mpangaji wa jengo lile aliamkia ua la waridi mlangoni pake, na kadi ndogo: "Asante kwa uvumilivu. Tunakujali." Msusi wa ghorofa ya sita alilikanyaga la kwake kabla hajaliona. Akateleza, akadaka kitasa cha jirani, na tusi alilolitoa likashuka ngazi zote likafika barabarani kabla yake.

"Ni wao tena?" mama yake akauliza kutoka ndani.

"Ni wao, Mama."

"Leo la nini?"

"La lifti. Inasherehekea kufa kwake."

"Haya, ipe hongera zangu. Iambie na mimi nipo, sijafa bado."

Mama alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye nyonga iliyovunjika ikaunga upande, na tangu lifti ilale hakuwahi kuweka mguu ardhini. Dunia yake ilikuwa kitanda, meza, jiko na dirisha. Dirishani aliona barabara, na ng'ambo ya barabara duka la mikate, na nyuma ya duka la mikate mlango wa bluu wa mdogo wake. Huyo mdogo wake, ambaye Msusi alimwita Mama Mdogo, naye miguu ilikuwa imemvimba kama mito ya kulalia. Ngazi kwake ni hadithi ya watu wengine. Basi kila asubuhi mtu na dada yake walipungiana vitambaa, mmoja juu, mmoja chini, kama wafungwa wa magereza mawili yanayotazamana.

Lakini wiki ile Mama Mdogo alikuwa amepiga simu akasema neno ambalo Mama hakuweza kulimeza. "Dada, macho yananikimbia. Kitambaa nakiona. Wewe sikuoni tena." Mama alikata simu, akaiacha chai ipoe, kisha akamwambia binti yake, "Nataka anione uso kabla giza halijamfunga. Sitaki kingine. Hata mkinishusha kwa kamba."

Sasa, watu husahau mambo haraka, na wenye majengo hutegemea hivyo. Kwa hiyo na isemwe ilivyokuwa. Mwenye jengo alifungua duka la maua ghorofa ya chini. Maua yanataka baridi, na chumba cha baridi ni gharama. Mwezi uleule lifti ikaharibika, ikiwa imesimama chini, milango wazi. Wiki ya pili ikawekewa mashine ya baridi. Wiki ya tatu ikajaa ndoo za mawaridi, mayungiyungi na alizeti. Meneja wa jengo, bwana mwenye tai fupi na maneno marefu, aliwaeleza wapangaji kwamba kipuri kimeagizwa kutoka ng'ambo, kiko njiani, na "chumba kikikaa bure tufanyeje, tukiache kioze?"

Na maua yaliyokosa mnunuzi siku ya kwanza, yakilala, ndiyo wapangaji wakaanza kupewa. Ukilalamika maji yamekatika, unaletewa ua la pole. Ukilalamika kwamba maji bado, unaletewa mawili. Sikukuu, maua. Siku yako ya kuzaliwa, maua. Mtoto kafaulu, maua. Kafeli, maua ya kumtia moyo. Dereva mstaafu wa ghorofa ya nne alipopeleka malalamiko kuhusu panya, aliletewa shada lenye utepe, na panya wakala utepe. "Chakula kikilala tunakiita kiporo," alisema dereva, "na maua nayo yanalala, yanapashwa moto kwa kadi. Sisi tunakula viporo vya maua."

Wapangaji waliwahi kumshusha Mama kwa kiti. Walifika kibaraza cha ghorofa ya tano, mtu mmoja akaachia mguu wa kiti, Mama akaning'inia kama zulia linaloanikwa. Kesho yake Meneja akabandika tangazo ukutani: ngazi ni za watu wanaotembea kwa miguu yao na mizigo ya duka inayobebwa. Mtu anayebebwa haruhusiwi. Ni kwa usalama wake. Chini ya tangazo akafunga ua.

Msusi alishuka kwa Meneja asubuhi ile, vidole vikinuka mafuta ya nywele, ua lililopondeka mkononi.

"Bosi, mama yangu ana dada anayepofuka. Barabara moja tu inawatenga. Naomba watu wanne wambebe, basi."

"Dada yangu, nakusikia, tena nakusikia kwa moyo. Lakini tangazo umelisoma?"

"Nimelisoma. Kwa hiyo shada la maua linabebwa, mama yangu habebwi?"

"Mama yako ni mtu, dada. Tunamheshimu. Hatuwezi kumfanya mzigo." Akafungua daftari la siku za kuzaliwa za wapangaji, uso ukamchangamka. "Halafu Jumamosi si ndiyo anafikisha sabini! Tutamletea kapu kubwa. Lile la maharusi."

Msusi alipanda ngazi huku akimtukana kwa kila daraja tusi lake, na Mama alipoulizwa na binti yake kama anataka kapu la maharusi alisema, "Kubwa kiasi gani?"

"La kuwalaza maharusi wenyewe."

Mama akatazama dirishani. "Na wakilileta, mtu asilitake, wanafanyaje?"

Hapo ndipo Msusi alipokumbuka. Duka lile lilikuwa na desturi yake, na wachukuzi walishika desturi hiyo kuliko dini: kapu haliachwi kwa mteja, na maua yakikataliwa yanarudi yalivyo, mchukuzi haruhusiwi kugusa mpangilio hata kwa kidole. Mchukuzi mmoja aliwahi kufukuzwa kwa sababu ya kunyoosha alizeti iliyoinama.

Jumamosi asubuhi kapu likaja. Lilibebwa kwa miti miwili na Jabali, mchukuzi mwenye mabega kama kabati, na mwenzake mkimya ambaye jasho lilimsemea. Walilitua mlangoni, wakahema, wakaomba maji. Msusi akawaita jikoni wakanywe, akawapa na mkate, na akawauliza habari za wake zao mmoja mmoja, mpaka aliposikia Mama akikohoa mara mbili sebuleni, ishara waliyopatana. Waliporudi, katikati ya mayungiyungi kulikuwa na kilemba cha kijani, na chini ya kilemba miwani.

"Mama amekataa," Msusi akasema. "Rudisheni."

Jabali akatazama kapu. Kapu likamtazama.

"Dada," akasema polepole, "hili ua la katikati limevaa miwani."

"Mimi sijui maua. Nyinyi ndio wenye duka."

"Sikuliona tulipopanda."

"Ulikuwa mbele, ulitazama ngazi. Unataka kuupangua mpangilio?"

Jabali akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Mimi? Nina watoto wanne! Sigusi kitu." Akamgeukia mwenzake. "Umeona chochote?"

Mwenzake, kwa mara ya kwanza siku ile, akafungua kinywa. "Maua."

Wakainua. Wakaguna. Mishipa ya shingo ikawatoka kama mizizi. Msusi akafuata nyuma, akihesabu si ngazi bali pumzi za Jabali, maana zilikuwa zinapungua. Ghorofa ya nne dereva mstaafu alifungua mlango, akamwona Mama, akavua kofia. "Heri ya siku ya kuzaliwa, ua," akasema. Kapu likamjibu, "Asante, baba, usiitoe siri."

Ghorofa ya pili wakakutana uso kwa uso na Meneja.

Mama alifumba macho, akachomeka yungiyungi mbele ya pua. Lakini Meneja alikuwa mtu aliyetazama maua miaka mitatu ili asitazame watu, na alichokiona ni kapu linalorudi, basi.

"Amekataa? Kapu zima?" Uchungu wake ulikuwa wa kweli. "Watu hawa hawana shukrani. Na mbona limewalemea hivyo?"

"Maua yamekunywa maji, bosi," Jabali akasema kwa sauti iliyobaki.

"Basi yasikae kwenye joto! Upesi, moja kwa moja kwenye baridi. Mkisimama hata dakika moja nawakata mshahara!"

Mpango wa Msusi ulikuwa mlango wa mbele, barabara, mlango wa bluu. Haukuwa na lifti ndani yake. Alipofika chini, wachukuzi walikuwa wamekwisha kulisukuma kapu kati ya ndoo, kwenye ukungu wa baridi, na Meneja mwenyewe akitoa amri kwamba milango ifungwe baridi isitoke.

"Fungua!" Msusi akapiga kelele. "Fungua, mama yangu yumo!"

"Yumo wapi?"

"Kwenye kapu!"

Meneja akacheka, kisha akamtazama Jabali, kisha akaacha kucheka. "Wewe ulibeba mtu kwenye ngazi zangu?"

"Nilibeba mpangilio, bosi."

Na ndani ya lifti Mama, akitetemeka, akitafuta pa kushika ili ajivute, aliweka mkono ukutani penye vile vitufe vya zamani. Mkono mzito wa mwanamke wa mwili. Kukasikika mlio mdogo. Kisha mngurumo. Jengo zima likatikisika kidogo, kama mtu aliyeguswa usingizini, na namba nyekundu juu ya mlango, ambayo watoto wa umri wa miaka mitatu hawakuwahi kuiona, ikawaka: moja. Mbili.

Lifti ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima jana, na mwaka jana, na siku waliyopewa kadi za uvumilivu. Meneja aliitazama namba ile, midomo ikicheza, halafu akasema neno ambalo jengo lile litamkumbuka nalo.

"Kipuri kimefika!"

"Kimefika saa ngapi?" Msusi akauliza.

"Sasa hivi."

"Nani kakifunga?"

Meneja alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. Alipanda ngazi mbili mbili kuifukuza lifti, tai begani, akipiga kelele kwamba mayungiyungi hayavumilii mtikisiko. Alipofika ya tatu, lifti ilikuwa ya nne. Alipofika ya nne, ilikuwa imefunguka na kufungwa, na dereva mstaafu amesimama na ndoo nzima ya mawaridi mabichi, ya leo, si ya kulala. Kila ghorofa Mama alifungua milango akitafuta pa kutokea, akaona majirani wametoka kwa mshangao, na kwa kuwa hakuwa na nafasi ya miguu aliwapa ndoo. "Shika, mwanangu. Shika na wewe. Niondoleeni majani haya, naganda humu." Meneja alipofika ghorofa ya sita, amejishika ubavu, pumzi imemkata, akawahi kuona milango ikijifunga na mkono ukimpungia kitambaa.

Akakaa kwenye ngazi. Walioshuka baadaye walisema alikuwa analia, lakini ni jasho. Hakuwa amewahi kuzipanda zote.

Chini, milango ilifunguka. Ndani hakukuwa na ndoo hata moja, ila wapangaji saba walioingia njiani wakabanana, watoto wakiruka, dereva mstaafu akiwa ameshika vitufe kama usukani, na katikati yao kapu na Mama ndani, midomo imemgeuka rangi, macho yakiwaka.

"Mwanangu," akamwambia Msusi, "kumbe kwa maua yote yale tulikuwa tunaombolezewa tungali hai."

"Mama, twende. Twende kabla hajashuka."

"Ashuke tu! Ninyi!" Mama akawageukia waliomo. "Msitoke humu wote kwa pamoja. Mkiiacha tupu hata kwa chakula cha mchana, mtakuta ndoo."

Dereva mstaafu akasema yeye ataleta kiti na redio. Jirani yake akasema atashika zamu ya jioni. Na mpaka leo, nenda ukaangalie, lifti ile haipandi bila mtu aliyekaa ndani yake anayesuka, anayemenya viazi au anayesinzia, na ukimuuliza anafanya nini atakuambia ameshikilia nafasi.

Jabali alikuwa amesimama kando, anafikiri. Kazi alikuwa ameipoteza, hilo alilijua, lakini desturi ni desturi.

"Dada, maua yaliyokataliwa mahali yanaweza kupelekwa kwa mpokeaji mwingine. Inaruhusiwa. Nitajie mlango tu."

"Ule wa bluu," Msusi akasema.

Wakainua kapu tena, wakatoka nalo juani. Magari yalisimama. Muuza mikate alitoka na unga mikononi, akatazama mwanamke mzima akivushwa barabara amekaa katikati ya mayungiyungi kama malkia aliyepewa talaka, akasahau kurudi ndani. Mama alikuwa ameinua uso kulielekea jua, na machozi yalimtoka bila yeye kuhangaika kuyafuta.

Msusi aligonga mlango wa bluu. Ukafunguka taratibu, na Mama Mdogo akasimama amejishika kwenye fremu ya mlango, akikodolea macho ukungu wake.

"Nani? Mbona kuna rangi nyingi?"

"Sogea karibu," Mama akasema.

Mama Mdogo alisogea. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamvuta mpaka nyuso zikakaribia kugusana, akamwachia amtazame. Amtazame kwa muda anaotaka. Wachukuzi walikuwa bado wameshika miti, mabega yanawatetemeka, na hakuna hata mmoja aliyesema tua.

"Umezeeka," Mama Mdogo akasema mwishowe.

"Na wewe umekuwa mbaya."

"Mikono yako baridi kama barafu."

"Usiulize."

Mama Mdogo akapapasa pembeni, akagusa yungiyungi, akalinusa, akakunja uso. "Na haya manyasi yananuka msiba. Yatoe nje, dada, ndani hakuna nafasi. Ingia wewe."