Komeo la Nje

Mama alipokosa chumba kwetu sisi watoto wake watatu, mimi fundi seremala nilimjengea kijumba juu ya trela: kitanda, jiko, dirisha moja. Mlangoni niliweka komeo la nje, ili mlango usifunguke njiani. Tukagawana zamu, kila mtu mwezi mmoja.

Jana jioni nilirudi kutoka kazini nikakuta trela getini kwangu, komeo limefungwa. Dada alileta trela asubuhi, akaenda zake. Nikampigia simu nikiwa nimefura.

"Zamu yako imebaki siku moja."

"Siku moja itakuua?" akajibu, akakata.

Nikafungua mlango. Mama alikuwa amekaa kitandani, kibegi mapajani.

"Tumefika, mwanangu?"

Mimi sichezewi.

"Bado, Mama," nikamwambia, nikarudisha komeo.