Maziwa ya Mbarika

…na bado haijawa nyeupe, Resty anaitazama chupa ya kioo ikizungushwa ndani ya maji moto, hasikii chochote moyoni, wiki nzima hasikii chochote, hata walipomfukia mama kule Bwera alikuwa anawaza joto tu, je, limeshuka, mafuta ya mbarika yameshachanganywa na maji na sabuni, kilichobaki ni matone kukakamaa, kila moja peke yake, yawe punje zisizoonekana kwa jicho, za kubebea dawa mwilini, zikikubali zitakuwa laini kama maziwa, zikiganda mabonge kama siku zote basi, Sosthène mkuu wa maabara ameshasema, hii ya mwisho, tunafunga… “Dada, unanisikia?” simu iko mezani, ni Vasta mdogo wake, “kesho tunaondoa matanga, watu beko wanauliza wewe iko wapi”… wapi, hapa Kasese, mbele ya chupa, mbarika hizi mama aliziokota mwenyewe nyuma ya nyumba, akazikamua, akampakilia dereva mafuta pamoja na vidumu vitupu alivyovisafisha, maana maabara haina vyombo na vidumu vya mama ndivyo vinavyotunza maji safi, yasiyo na chembe ya kitu, basi tatizo ni nini, sabuni amebadilisha, kasi amebadilisha, bado mabonge… “Tunafagia nyumba, na ile chumvi ya Katwe yenye mama alikuwa anasugulia vidumu vyako bado iko mingi, niweke wapi?”… chumvi gani… “Anasugua mpaka harufu inatoka, hasuuzi sana, anasema chumvi inalinda, mutoto yangu anaweka dawa mule”… chumvi, lahaula, chumvi hugandisha, hilo walifundishwa mwaka wa kwanza, chembe kidogo tu na punje zinang’ang’aniana, kumbe siku zote ulikuwa mkono wa mama, na yeye kazi kulaumu sabuni, na maji ya leo yametoka kidumu cha mwisho, hiki hapa, anakiinua, anafanya jambo la kumfukuzisha mtu maabara, anaramba mdomo wa kidumu, ndiyo, chumvi, na kifua kinauma, hatimaye kinauma, “Dada?”… hakuna cha kuokoa tena, chupa ya kioo inazunguka, bado haijawa nyeupe, tangu asubuhi alikuwa anaomba zitoke laini, sasa anaomba zigande, zigande mabonge makubwa ya kushikika, mama ametia mkono humo mara ya mwisho… “Chumvi usiitupe, Vasta,” anasema, “nakuja kesho,” na anaendelea kuitazama chupa.